Mtahamia Lini?

Shangazi alikuja Jumapili moja baada ya misa, kijana wa bodaboda akimfuata nyuma na mkungu wa ndizi mshare. Nikampa shikamoo, nikapangusa kiti kwa pindo la kanga, akakaa. Mbele yake palikuwa na ukuta tuliokuwa tumeubandua lipu kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua, mawe yote nje. Juu hapakuwa na dari, ni kenchi tupu na bati. Kwenye kona waya za umeme zilikuwa zimefungwa fundo zikimsubiri fundi. Alivitazama vyote hivyo taratibu, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetutakia heri:

"Sasa wanangu, mtahamia lini?"

Chumba cha pili kitanda chetu kilikuwa kimetandikwa. Jikoni maharage yalikuwa yanatokota. Tulikuwa tunalala ndani ya nyumba hiyo tangu kipupwe. Nikafungua mdomo nimweleze, mume wangu akaniwahi.

"Mwakani, shangazi. Mungu akijalia."

Shangazi akaridhika, akaanza kuniuliza habari za mama yangu. Tukala, tukamsindikiza mpaka barabarani.

Swali la shangazi sikulibeba. Nililobeba ni jibu la mume wangu, na nimelibeba kwa wiki nyingi, darasani, kwenye daladala, usiku nikisikiliza popo wakitoka chini ya bati.

Mwakani?

## Tulichonunua

Nyumba iko hapa Moshi, upande wa Rau, kwenye mtaa ambao za aina yake zinazidi kubomolewa zipishe ghorofa. Mzee aliyetuuzia alisema ilijengwa kabla ya Uhuru, na ukiitazama unamwamini. Kuta ni za mawe yaliyoshikizwa kwa udongo na chokaa, nene kiasi kwamba mtu anakaa vizuri kwenye kizingiti cha dirisha. Madirisha ni ya luva, yaliwekwa baadaye. Jiko liko nje, limejitenga, kuta zake nyeusi kwa moshi wa miaka. Bati ni zito. Fundi aliligonga kwa kifundo cha kidole akasema geji hii siku hizi utaitafuta madukani mpaka uchoke. Kenchi ni mbao za mkulo wa mlimani, na ukizikwangua kidogo kwa kisu bado zinatoa ile harufu ya kafuri.

Karibu kila tuliyemshirikisha alitushauri kinyume. Nunueni kiwanja, jengeni taratibu. Nyumba kuukuu ni kununua ugonjwa wa mtu. Nilielewa wanachosema, kwa sababu ndivyo sisi wote tulivyokua: msingi mwaka huu, tofali mwakani, bati Mungu akifungua mlango. Lakini nilikuwa nimechoka kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na kuomba ruhusa ya kupigilia msumari. Nilitaka kuanza kuishi, hata kama ni kwenye nyumba yenye madhaifu.

Kuna jambo sikulitegemea. Anayehamia kwenye pagale hupongezwa. Watu wanakuja, wanakuta madirisha yamezibwa kwa mabati, wanasema hongereni, hatua kubwa hiyo, kwa sababu kila kinachoongezeka baada ya hapo ni maendeleo. Sisi tulihamia kwenye nyumba nzima, yenye milango na rangi, tukaanza kuibandua. Kila fundi alipoondoka jioni, nyumba ilionekana imepungua. Jirani mmoja alimuuliza mume wangu kama tumepata shida ya fedha.

Ni vigumu kumweleza mtu kwamba unaharibu kwa makusudi ili upone.

## Maji yanayopanda

Kilichotufanya tubandue ni ukuta wa sebuleni. Rangi yake ilikuwa inavimba na kubanduka kwa chini, mstari mmoja ulionyooka, kana kwamba mtu amepima. Aliyetangulia alipaka juu yake. Aliyemtangulia huyo naye alipaka. Ulikuwa na tabaka za rangi zisizopungua nne, na chini ya zote lipu ya simenti.

Fundi wa kwanza, kijana hodari na mwenye kazi nyingi mjini, alikuja na jibu tayari. Tupige lipu mpya yenye dawa ya kuzuia maji, juu tuweke jipsamu yenye taa za kujificha, chini marumaru nyumba nzima. "Mama, mtu akiingia hapa hatajua kama nyumba ni ya zamani."

Mume wangu alimpenda. Nilimwona uso ukimnawiri.

Mimi sikupata usingizi. Maji hayakuwa yanatoka juu, bati lilikuwa zima upande ule. Hayakuwa yanatoka kwenye bomba, maana hakuna bomba ukutani hapo. Yalikuwa yanatoka ardhini. Upande huu wa mji maji hayako mbali chini ya miguu. Msitu wa Rau wenyewe unaishi kwa maji hayo ya ardhini. Jiwe na udongo vinayavuta juu kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa, na nyumba zilizojengwa zamani kwa namna hii hazina ule mkanda wa kuzuia unyevu unaowekwa juu ya msingi siku hizi. Sasa kama maji yanapanda ndani ya ukuta, halafu wewe unaufunga kwa simenti pande zote mbili, unadhani yatakwenda wapi? Yataendelea kupanda mpaka yapite kimo cha simenti yako, ndipo yatokee.

Nikamtafuta fundi mwingine, mzee wa Kibosho ambaye alifundishwa kazi na baba yake. Hakutoa futi. Alitoa msumari wa nchi nne akawa anagonga ukuta kwa kichwa cha msumari, akisikiliza, kuanzia chini kwenda juu. Chini sauti ilikuwa tupu, ya kitu kisichoshikana na chochote. Juu ilikuwa nzito. Alipofika mpakani akaingiza patasi, akaibetua. Kipande cha lipu kikatoka kizima, kipana kama meza ya kahawa, kikaanguka miguuni kwetu.

Nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa. Na juu ya mawe, juu ya udongo uliokuwa kati yake, palikuwa na unga mweupe laini uliosimama kwa nyuzinyuzi, unaopeperuka ukipumua karibu. Nikaugusa kwa kidole. Ni chumvi. Maji yanapopanda yanayeyusha chumvi za ardhini na za ukuta wenyewe, yakifika mahali pa kukaukia yanaziacha, zinakua, zinasukuma lipu na rangi nje. Rangi zote zile zilikuwa zimesukumwa kutoka ndani.

"Huu ukuta unataka kupumua," mzee alisema. "Hawa wameuziba pua."

Nafundisha kemia sekondari. Kila mwaka naandika ubaoni safari ya chokaa: jiwe la chokaa likichomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi linatoa hewa ukaa, unabaki na chokaa kavu, ukiimwagia maji inachemka na kutoa mvuke, ndiyo kuizima, ukiipaka, inaivuta tena hewa ukaa kutoka angani na polepole inarudi kuwa jiwe. Wanafunzi wanakariri, wanajibu mtihani, tunaendelea na somo lingine. Sikuwahi kusimama mbele ya ukuta ulioshikiliwa na mlinganyo huo tangu kabla mimi sijazaliwa. Lipu ya chokaa ina matundu madogo yanayopitisha mvuke. Maji yanayopanda yanapata njia ya kutoka na kukauka, ukuta unabaki na unyevu wake wa kawaida bila kuoza.

Kwa hiyo dawa yake ilikuwa kubandua simenti yote ya chini, kuacha mawe wazi yakauke, kupiga brashi chumvi kila inapotoka, kuchimba mfereji nje na kujaza kokoto, kushusha udongo uliokuwa umejilundika juu ya usawa wa sakafu, kuweka gata ambazo hazikuwepo. Halafu kusubiri. Ndipo lipu ya chokaa.

Kusubiri kwenyewe ndiko kulikoleta maneno ndani ya nyumba. Mzee alisema ukuta mnene hivi haukauki kwa kuharakishwa, tupitishe kiangazi. Mume wangu aliuliza kiangazi kizima? Mzee akasema kizima, na ikibidi kingine.

Fedha ya mkopo wa SACCOS ilikuwa pale. Tungeweza kuwa na jipsamu mwezi huohuo.

## Majina mawili

Nieleze kwa nini mimi nilikuwa nimeshahamia.

Tulipokuwa tunaandaa uhamisho wa hati, ndugu mmoja upande wa mume wangu alishauri liandikwe jina lake peke yake. Alisema kwa nia njema, kwamba mambo ya hati yenye majina mawili yanasumbua baadaye, na kwamba mke ni mke, nyumba ya mume ni yake. Mume wangu hakumjibu. Mimi nami nilinyamaza, lakini usiku huo niliisoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

Kifungu cha 59 kinamkataza mwenye jina kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Hiyo ni kinga, na wanawake wengi imewasaidia. Lakini kifungu cha 60 ndicho nilichokirudia mara nyingi. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa kwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhani ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inaanza kwa kudhani haki zao ni sawa. Tofauti ni nani abebe mzigo wa kuthibitisha siku mambo yakiharibika. Nilifikiria pia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambapo mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wengi tunaitaja kwa furaha. Tunasahau kwamba Bi Hawa mwenyewe aliondoka bila mgawo, kwa kuwa mahakama iliona fungu lake alishapewa na kulitumia. Alishindia wanawake waliokuja baada yake.

Mimi mshahara wangu ulikuwa ndani ya nyumba ile, na marejesho yanakatwa kwangu kila mwezi. Sikutaka kuja kuthibitisha kitu.

Asubuhi, kabla sijatafuta namna ya kuanza, mume wangu alinikabidhi fomu. Majina yote mawili yalikuwa yameandikwa kwa mkono wake, la kwangu juu. Hatukulizungumza. Niliweka saini nikaenda kazini, na njiani nilikuwa na amani ambayo sikuwahi kuwa nayo nikiwa mpangaji popote. Mimi nilihamia siku ile, kabla hatujabeba hata godoro.

Ndiyo maana neno "mwakani" lilinichoma. Nilijiona nimeingia ndani peke yangu, mwenzangu yuko nje mlangoni.

## Mtoto wa katikati

Mimi kwetu ni Usangi, kwa Wapare. Mume wangu ni mtu wa Uru, na kwa wenzetu Wachagga nyumbani ni kihambani, kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa. Nyumba ya mjini, hata iwe na vyumba kumi, ni mahali pa kufikia shule na kazi. Desemba ikifika, mji unajaa magari ya Dar es Salaam yanayopita bila kusimama, yote yanapanda juu. Ukifa, unapandishwa juu. Mtu aliyefanikiwa mjini akafa bila hata chumba kimoja kihambani, maneno yatasemwa kwenye matanga yake, tena mbele ya watoto wake.

Na mume wangu ni wa katikati. Desturi inampa wa kwanza sehemu yake, na wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi na kuwatunza. Wa katikati walikuwa wakitafutiwa kihamba kipya zamani, ardhi ilipokuwepo. Sasa vihamba vimegawanywa mpaka vimekuwa vipande vya migomba michache na kahawa iliyozeeka. Baba mkwe alimwonyesha mwanawe kipande, kando ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, akamwambia ni chako, jenga. Hiyo ni miaka kadhaa iliyopita. Pale pana msingi wa mawe umeota majani.

Nilijenga hoja yangu yote juu ya msingi huo. Kwamba moyo wake uko Uru. Kwamba nyumba ya Rau kwake ni kambi, na "mwakani" ni namna ya adabu ya kusema hatujafika nyumbani bado. Kwamba atatumia maisha yetu akitengeneza hiki na kile, halafu siku moja aniambie sasa tukajenge kwetu. Nilikuwa na ushahidi wa kila aina. Alivyokuwa anapenda fundi wa jipsamu: anataka imalizike haraka apate nafasi ya kujenga juu. Alivyokuwa hakaribishi watu: haoni kama pana nyumba ya kuwakaribisha. Unaweza kuishi na mtu, ukala naye sahani moja, huku unamwandikia hukumu moyoni, kila siku ukurasa mmoja.

Sikumuuliza. Niliogopa angesema ndiyo.

## Sakafu nyekundu

Tulikuja kuzungumza kwa sababu ya sakafu.

Sebule nzima ilikuwa imefunikwa kapeti la plastiki, lile la maua, limegandishwa kwa gundi. Marumaru zilikuwa kwenye hesabu yetu. Mzee wa Kibosho alisema kabla hamjanunua, bandueni muone chini. Jumamosi tukapiga magoti, kila mmoja na kikwangulio chake. Gundi ilikuwa ngumu, inatoka kwa vipande vidogo kama kucha. Tulipofika karibu na mlango, mume wangu akamwaga maji ya sabuni, akasugua kwa brashi, akaacha.

Ilikuwa nyekundu. Ile sakafu ya simenti ya rangi, iliyolainishwa kwa mwiko wa chuma siku ilipomwagwa mpaka ikawa inang'aa yenyewe. Ina nyufa nyembamba, na mlangoni imelika kidogo pale miguu ilipopita miaka yote. Lakini ilikuwa nzima.

"Kwa bibi ilikuwa hivi," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa naipaka dawa kila Jumamosi."

Aliendelea kusugua, safari hii bila haraka. Bibi yake alikufa yeye akiwa kidato cha pili, na nyumba ile ilivunjwa kupisha ya sasa. Sikujua kama alikuwa na kazi ya kupaka sakafu dawa. Tumeoana na sikujua.

Nikamuuliza. Kwa nini ulimwambia shangazi mwakani?

Alikaa kimya muda mrefu. Nikadhani hatajibu.

"Ningemwambia tumehamia, wiki inayofuata angeleta watu wabariki nyumba. Baba, kaka, wote. Wangekuta mawe."

"Wakikuta mawe?"

"Watasema ndiyo hii aliyoacha kujenga kwao akanunua." Akaweka brashi chini. "Kaka ana kwake. Mdogo ana nyumba ya wazazi. Mimi kile kipande hata nikijenga, nitajenga cha kulala sikukuu. Kwangu ni hapa. Sina pengine. Nilitaka siku watakapoingia wasipate la kusema."

Nimeandika maneno yake nilivyoyasikia, kwa ruhusa yake, kwa sababu yaliipindua hesabu yangu yote. Alitaka jipsamu na taa za kujificha kwa sababu nyumba hii ilikuwa kubwa mno kwake kuonyeshwa ikiwa uchi. Mimi niliyekuwa nimeshahamia niliweza kuvumilia ukuta wa mawe, kwa sababu jina langu lilikuwa salama kwenye karatasi. Yeye karatasi haikumtosha. Alikuwa anasubiri watu wake wakubali kwamba mtoto wa katikati naye amefika kwake.

Nilimwambia watasema tu, hata akitandika dhahabu. Akacheka kidogo. Nikamwambia pia kwamba mimi siwezi kusubiri idhini ya ukoo ndipo niseme niko kwangu, na hilo halikumfurahisha. Tulibishana mpaka maji ya sabuni yakakauka sakafuni na kuacha madoa. Lakini tulikuwa tunabishana juu ya jambo lenyewe sasa, si juu ya jipsamu.

Marumaru tumezifuta kwenye orodha.

## Baba mkwe na masale

Mume wangu hakumpigia shangazi. Alimpigia baba yake, akamwambia aje aone, na akamwambia waziwazi kwamba tunaishi humo.

Mzee alikuja na fimbo na kofia yake ya Jumapili. Nilikuwa nimefagia tangu alfajiri, nikafunika meza iliyojaa vifaa. Hakuingia. Alizunguka nje kwanza, akitazama ardhi inavyolalia, akaonyesha kwa fimbo mahali maji ya mvua yatakapotoka kwa jirani kuja kwetu, ambapo fundi wetu hakuwa amepaona. Mfereji tumeurefusha mpaka hapo. Kisha akaenda nyuma kabisa, kwenye mpaka, akachungulia chini ya mchongoma uliokuwa umejifunga.

"Njooni."

Nyuma ya miiba palikuwa na masale. Msitari mzima, mashina manene, kutoka bikoni moja hadi nyingine. Tulikuwa na ramani ya mpimaji, tulikuwa tumezitafuta bikoni kwa sululu, na hatukuwahi kuyaona. Kwa asiyejua, isale ni mmea wa majani marefu tu. Kwa Mchagga ni mpaka, ni alama ya kaburi, ni mmea unaompelekea uliyemkosea ukienda kuomba msamaha. Aliyeng'oa isale la mpaka amefanya jambo zito.

"Nani alipanda?" mzee aliuliza. Hatukujua. Mzee aliyetuuzia naye alinunua kwa mtu.

Akashika jani moja, akalifuta vumbi kwa kidole gumba.

"Huyu alikuwa amekaa," alisema. "Si mpita njia."

Ndipo akaingia ndani. Aliutazama ukuta wa mawe, akaupapasa, akauliza ni lini utakauka. Akatazama kenchi, akataja mbao zake kwa jina la kwao, mseri. Hakutoa baraka za maneno mengi. Kabla hajaondoka alimuuliza mwanawe kuhusu ule msingi wa Uru. Mume wangu akamjibu kwamba ataweka chumba kimoja na baraza, akipata nafasi, lakini nyumba yake ni hii. Nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Mzee hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema chai ina tangawizi nyingi.

Sijui kama alikubali. Nadhani mwanawe hakuwa anamwomba tena.

Kuhusu tutakapozikwa hatujui, na nililitamka hilo siku ileile baada ya mzee kuondoka. Mimi mwenyewe nimekua nikijua nitarudi Usangi au nitafuata kwa mume. Kiwanja cha mjini hakizikwi mtu. Kwa hiyo Uru haiwezi kufutwa kwa kupata hati ya Rau, hata nikitaka. Hilo mume wangu analijua kuliko mimi, na nimeacha kulichukulia kama ushahidi dhidi yangu.

## Tulipofika

Fedha tumezipanga upya. Kwanza maji: gata pande zote mbili na simtanki, mfereji wa kokoto, udongo kushushwa. Pili umeme. Nyumba ilikuwa na waya za zamani za rangi nyekundu na nyeusi, maganda yake yakikunjwa yanavunjika, na soketi kadhaa hazikuwa na waya wa athi kabisa. Wageni wote tuliokuwa tunahofia macho yao wangeweza kupigwa na shoti tukiwa tumewawekea taa za kujificha juu. Tumemchukua fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, anavuta waya mpya za kahawia na buluu na athi kila mahali, na sasa kenchi zikiwa wazi kazi yake ni nyepesi. Tatu bati: linabaki, tunabadilisha misumari iliyolika na mabati mawili ya upande wa jiko.

Popo tunawasubiri watoke jioni ndipo tunaziba matundu, moja baada ya jingine, tukiacha njia ya mwisho ya kutokea. Kinyesi chao tunakilowesha kabla ya kukizoa na tunavaa barakoa, kwa sababu vumbi lake linaweza kuwa na vimelea vinavyoshambulia mapafu. Nawaambia wenye nyumba kama yetu msifagie kikiwa kikavu.

Ukuta wa sebuleni uko vilevile, mawe nje. Kila baada ya siku chache napitisha brashi, na kila mara chumvi inayodondoka ni kidogo kuliko ya nyuma. Wageni wanakuja. Mume wangu sasa ndiye anayewaonyesha, anawagongea kwa kifundo cha kidole wasikie sauti.

Jikoni hatujaelewana. Yeye anataka tuhamishie kila kitu ndani, makabati na sinki la chuma, jiko la nje tulivunje tupate maegesho. Mimi nataka gesi ndani kwa chai na chakula cha siku, na lile la nje libaki, lipate bati jipya na dohani, kwa sababu siku ya wageni mtori wa watu thelathini hauchemki kwenye plati mbili. Amechora ramani yake, nimechora yangu, zote ziko mlangoni mwa friji. Mzee wa Kibosho amekataa kuchagua. Amesema tusubiri masika ipite, tuone ukuta wa jiko unafanya nini.